Maziwa Ukutani

Mama yangu alikuwa mtu wa kueleza jambo mpaka lieleweke, na hilo ndilo lililomponza. Hata leo nikilikumbuka napandwa na hasira, na sina wa kumshushia, maana wahusika wote wamekwisha kwenda.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, upande wa Nyarero, nyumba zimepangwa kama watoto wa shule mstarini. Kuta zilikuwa za udongo, na mvua ya jioni ya kwetu haina adabu. Kila masika udongo unamomonyoka, mnabaki mnatazamana na fito. Ndipo mama akaanza kuchanganya rangi yake: chokaa ya duka la ushirika, udongo mwekundu uliochekechwa, na maziwa ya mgando yaliyokwisha kutolewa siagi. Akapaka ukuta wa upande wa mvua. Majirani walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Kwa wafugaji kama sisi, kupaka maziwa ukutani ni sawa na kuyamwaga. Shangazi, dada yake baba, alitamka wazi kwamba kaka yake ameoa kichaa.

Masika yakaja yakapita, ukuta wetu umesimama. Kikundi cha ujenzi cha kijiji kikaja, kikapapasa, kikauliza imechanganywaje, na mama akawaeleza. Haukupita muda shule na zahanati zikapakwa rangi ile ile. Bwana Maendeleo kutoka wilayani alipoiona akauliza ni ya nani. Fundi mkuu wa kikundi akajibu, "Ni yetu."

Bwana Maendeleo akasema atapeleka habari serikalini, na aliyeigundua anaweza kupewa hataza, yaani hati ya kuthibitisha kwamba ugunduzi ule ni wake. Mama hakuuliza ina faida gani. Alitaka jina lake tu liandikwe mahali. Tangu aolewe alikuwa mke wa fulani na mama wa fulani. Jina lake mwenyewe nililisikia kanisani tu, na kwa nadra. Basi akaenda kudai, na kikao cha kijiji kikaitishwa.

"Mama, shikamoo," Bwana Maendeleo alianza, kwa heshima zote. "Hebu tuambie, ulijuaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa naosha kibuyu. Maziwa yakikaukia mle hayatoki, hata usugue na mchanga. Nikasema, basi na ukuta yataushika."

Fundi mkuu alisimama hata kabla mama hajakaa. "Ndugu mwenyekiti, mmesikia wenyewe! Nani hapa hajui kibuyu cha maziwa? Chokaa tunaijua, udongo tunaujua. Sasa ugunduzi uko wapi hapo?"

Yeye aliyesema hayo hakuwahi kuosha hata kikombe alichonywea. Lakini watu waliangua kicheko, wakamwunga mkono. Wanawake waliomwita mama mwendawazimu sasa walikuwa wanalijua jambo hilo tangu utotoni.

Bwana Maendeleo hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba hataza haitolewi kwa kitu ambacho fundi yeyote angekiona mwenyewe. Rangi ni ya kijiji kizima. Tukapiga makofi, kwa sababu ndivyo vikao vilivyokuwa vikimalizika.

Kama fundi yeyote angekiona, mbona hakuna aliyekiona, na kuta zilikuwa zinatuangukia? Swali hilo lilinijia miaka mingi baadaye, nasonga ugali, nikabaki nimeushika mwiko tu. Mama hakuliuliza siku ile. Labda lilimjia akalimeza.

Hakugombana na mtu. Ila baadaye alipata kitu kingine, cha kusiriba vihenge vya nafaka. Mtama wa majirani ulikuwa unageuka unga kwa kuliwa na fukusi, wetu unakaa mzima. Hicho alikichanganya mlango umefungwa. Aliyeuliza alijibiwa, "Ni udongo tu."

Nilipokaribia kuolewa nilimwomba anifundishe. Alinishika mkono, tena kwa upendo, siwezi kumsingizia.

"Mwanangu, nikikuambia utaona ni kitu ulichokuwa unakijua siku zote."

Nilimwapia kwamba sitasema hivyo. Akatabasamu, akanifungia mtama wa kuondoka nao.

Tumemzika nacho. Inaniuma sana. Nimejaribu majivu, nimejaribu mkojo wa ng'ombe, nimechemsha majani ya kila mti aliowahi kuusogelea. Mimi ni binti yake, nimekulia mgongoni mwake, na sijakiona.