Pua ya Insaf

Kila asubuhi, kabla hajaitikia salamu ya mtu, Insaf huumega mkate na kuunusa. Huusogeza karibu na pua, akafumba macho kidogo, kisha ama aule ama aurudishe kwenye sinia. Hata mkate wa mwokaji aliyemzoea tangu ujana haupiti mdomoni bila kupita puani kwanza.

"Mkate nao una siku zake mbaya," husema, "kama binadamu."

Rihab, binti wa kaka yake, alikua akiiona tabia hiyo. Alipokuwa mdogo aliiga, akanusa mkate, akanusa jibini, akanusa mpaka kijiko, na mama yake Karima akamchapa kidogo mkononi: "Acha mambo yako! Wewe huna pua ya shangazi yako." Na kweli, katika ukoo mzima hakuna aliyekuwa nayo.

Insaf alifanya kazi miaka yake yote kwenye ofisi ya simu ya mji wa Mansura, akiwaunganisha watu na jamaa zao wa mbali. Hakuolewa. Mchumba alikuwapo, habari zake zikaisha, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ziliishaje. Lakini watu hawakumjua kwa simu wala kwa mchumba. Walimjua kwa pua, kwa sababu pua hiyo ndiyo iliyoifundisha familia yake kula vizuri Ras el-Bar, mji wa pwani walikokwenda kila kiangazi.

Kisa chenyewe kilisimuliwa kila mwaka garini, njiani kwenda baharini, na Rihab alikijua kama jina lake. Zamani hizo Ras el-Bar ilikuwa na vibanda vya matete. Vilisimamishwa kila kiangazi na kubomolewa kabla ya baridi, mafundi wakizikunja kuta kama mikeka na kuondoka nazo. Ukilala ulimsikia jirani akikohoa, ukiamka ulijua ameamkia chai au kahawa. Mchanga ulikuwa kitandani, kwenye viatu, ndani ya chumvi yenyewe. Babu yake Rihab alikodi kibanda kimoja kila Julai, na bibi akaja na jambo moja ambalo halikujadiliwa: wanawe hawatakula chakula cha watu asiowajua. Kula nje, kwa mwanamke kama yeye, kulikuwa ni kutangaza mjini kwamba nyumba yako haina mpishi.

Kwa hiyo masufuria yote yalitoka Mansura. Wali uliofungwa ndani ya majani ya mzabibu, makaroni ya kuoka, kuku, kila kitu kilipikwa alfajiri, kikazungushiwa blanketi kisipoe, kikapandishwa juu ya gari. Jua la Julai likakipiga njia nzima, nalo blanketi likakitunzia joto lake barabara. Familia zote za Mansura zilisafiri hivyo, na zote zilishangaa kwa nini hewa ya bahari huumiza matumbo siku ya kwanza.

Mwaka mmoja, Insaf akiwa bado msichana wa shule, bibi alifunua sufuria ya makaroni kibandani na Insaf akainama.

"Mama, haya yamechacha."

"Yamechacha kwako wewe. Kaa ule."

"Wallahi yamechacha. Hebu nusa."

"Ninuse? Mimi niliyeyapika ndiye niyanuse?"

Babu akachukua kijiko kimoja apatanishe. Alitoka nje akatema mchangani, na kesi ikaisha. Paka wa Ras el-Bar walikula siku hiyo kama wako arusini. Watoto wakalia njaa, bibi akalia aibu, na Insaf akavaa ndala zake akatoka bila ruhusa, akiifuata harufu fulani tangu ufukweni mpaka nyuma ya barabara ya mtoni. Huko alikuta tanuri. Watu waliingia na samaki wao wabichi, wakatoka na sinia zenye moshi: mkizi aliyepasuliwa mgongoni, akafunguliwa kama kitabu, akapakwa nyanya, kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili.

Insaf alirudi kibandani na sinia kama hizo, na bibi akala akiwa ameelekeza uso baharini ili wasimwone. Wagdi, baba yake Rihab, wakati huo mtoto, anakumbuka kwamba mama yake alimaliza sinia nzima, kisha akaomba ndimu.

Tangu hapo Insaf ndiye alikuwa mbele, familia nyuma. Alimpata mjane Tafida ng'ambo ya mto, aliyepika bata waliojazwa vitunguu, akawalisha wageni sebuleni kwake, chini ya picha ya arusi yake. Alimpata mkaangaji wa vitamu vya shira vilivyosokotwa kama kamba. Vibanda vya matete viliondoka, maghorofa yakaja, bibi na babu wakazikwa, Tafida naye akamfuata mumewe. Ila kila mwaka, wakishashusha mizigo, bado mtu aliuliza, "Insaf, leo pua inatupeleka wapi?"

Majira ya kuchipua mwaka huu walikwenda kwa ajili ya Shamu-nasimu, siku ambayo Misri yote, Waislamu na Wakristo, hutoka nje kwenye hewa na kula samaki wa chumvi. Walikuwa wanne: Wagdi, Karima, Insaf, na Rihab, ambaye sasa alikuwa amemaliza chuo kikuu na anafanya kazi maktaba, mahali ambapo hakuna mtu anayekulazimisha kusema.

Jioni ya kwanza Rihab alikuwa barazani na kitabu chake. Alisikia harufu ya maziwa yanayoungua, akangoja mtu ayaondoe, hakuondoa mtu. Aliingia jikoni akamkuta shangazi amesimama pale pale kando ya jiko, amegeukia dirisha, anafuta glasi polepole. Maziwa yalikuwa yamemwagika mpaka chini na moshi umejaa.

"Shangazi, maziwa!"

"Ee! Bahari imenichukua akili," Insaf akacheka, akazima jiko.

Kesho yake walikula kwenye tanuri lile lile la zamani, linaloendeshwa sasa na mtoto wa mwenyewe. Insaf alinusa sinia, akafumba macho, akasema, "Leo bizari imekuzidi mkono."

Mwoka samaki alikuna kichwa. "Hajati, bizari imeniishia tangu asubuhi. Hiyo ni nyanya na saumu tu."

"Basi imebaki kwenye tanuri tangu jana," akasema Insaf, na Wagdi akapiga meza kwa furaha. "Mnaona? Anainusa hata ya jana!"

Rihab hakucheka. Aliuangalia mkono wa shangazi yake, ulivyokuwa ukimega mkate vipande vidogo vidogo. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya fisikhi.

Fisikhi ni mkizi aliyelazwa kwenye chumvi mpaka nyama yake ikalainika na kunuka. Ananuka akiwa mzuri, ananuka akiwa mbovu. Tofauti iko katikati ya harufu mbili, na kila mwaka wapo wanaoikosa, wakaishia hospitali, wengine wasirudi. Ndiyo maana kwenye familia yao hakuna aliyewahi kununua fisikhi isipokuwa Insaf. Kama pua yake ilikuwa imekufa na hasemi, basi kesho mezani wangekula bahati. Usiku Rihab alikaa kitandani akitunga maneno ya kumwambia, akayafuta moja moja. Nani alikuwa yeye, wa kwenda kumwambia Insaf kwamba hasikii harufu?

Asubuhi duka la Mzee Sherbini lilikuwa limefurika hadi barabarani. Watu wa Ras el-Bar walimfahamu Insaf; wengine walikuwa na desturi ya kusubiri achague yeye, kisha wao wachukue kutoka kwenye pipa hilo hilo.

"Mpisheni Hajati!" Sherbini akapaza sauti. "Daktari wangu amekuja."

"Daktari gani, Sherbini? Wewe mwenyewe unanuka kuliko mzigo wako," akajibu Insaf, na watu wakacheka.

"Na mke wangu hajalalamika mwaka wa arobaini huu."

"Masikini, naye pua yake ilishakufa."

Kicheko kikazidi. Sherbini akamtolea mkizi mnono, rangi ya fedha, akalifunua shavu lake. Insaf akampokea kwa mikono miwili. Akambonyeza tumbo. Akamsogeza puani, akafumba macho, na hapo watu wakasogea kama kawaida. Rihab alikuwa ubavuni pake. Aliona kope za shangazi zikifunguka, na macho hayakumtazama samaki. Yalimtazama Sherbini, yakimsoma uso, kama mwanafunzi anayetafuta jibu kwa mwalimu.

Insaf akamrudisha samaki juu ya meza.

"Leo sinunui," alisema.

Kisha mama mmoja nyuma akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akamshika mtoto mkono akatoka. Wawili wengine wakafuata. Mwanamume aliyekwisha kufungiwa samaki wake akakiweka kifurushi juu ya meza, akasema amekumbuka shughuli fulani.

Uso wa Sherbini ukawiva. "Hajati, mbele ya watu? Samaki wangu ana nini? Sema basi! Baba yangu aliuza hapa, mimi nimeuza hapa, hatujamlaza mtu hospitali. Mnuse tena!"

"Dada," Wagdi akasema chini chini, "ni mbovu kweli?"

Watu waliendelea kutoka. Insaf alisimama amejishika ukingo wa meza. Rihab aliona kwamba shangazi alikuwa amechagua njia ya kuwaokoa wao bila kujivua nguo, na njia hiyo ilikuwa inamvua mzee wa watu.

"Rudini!" Insaf akasema, kwa ile sauti yake ya ofisi ya simu iliyovuka mikoa. "Samaki wa Sherbini hana neno. Mimi ndiye nisiyesikia harufu. Niliugua homa wakati wa baridi, pua ikaondoka, mpaka leo haijarudi. Sijui kama huyu ni mzuri au mbovu, sijui kama ni samaki au sabuni. Basi. Mmesikia?"

Walisikia. Mtu mmoja kwenye foleni akauliza kwa sauti, "Sasa sisi tutamfuata nani?" na mwingine akamjibu, "Mfuate mama yako," na watu wakaanza tena kupumua. Sherbini alikata kipande cha yule mkizi, akakila mbele ya wote, taratibu, akafuta masharubu. Kisha akamsukumia Insaf samaki mwenyewe.

Insaf akampa Rihab. "Nusa wewe."

"Mimi? Shangazi, mimi siwezi…"

"Una pua au huna? Nusa hapo chini ya shavu. Ukisikia kitu kama jibini kali, mzuri. Ukisikia kitu kinachokufanya urudi nyuma kabla hujafikiri, mwache."

Macho yote yalikuwa juu yake, na Rihab alitamani ardhi impasukie. Aliinama, akanusa. Harufu ilikuwa nzito, ikamtoa machozi, lakini hakurudi nyuma. Alinusa mara ya pili ili awe na uhakika, kisha akasema, sauti ikimtoka kidogo tu, "Ni jibini."

"Paza!" mtu akadai kutoka nyuma. "Ni nini?"

"Jibini!" akasema Rihab, na Sherbini akaanza kumfunga samaki.

Walitandika mkeka mchangani, katikati ya maelfu ya mikeka. Karima akapanga mayai yaliyotiwa rangi, saladi, vitunguu vibichi na ndimu. Wagdi hakugusa kitu. Alikuwa anachora mchangani kwa kidole.

"Tangu baridi," alisema mwishowe. "Na jana ulininusia bizari."

"Ulifurahi sana, kaka. Ningefanyaje?"

"Ungesema!"

"Niseme ili mwaka ujao mniache nyumbani nilinde paka?"

"Wifi," akasema Karima, akimwekea samaki kwenye mkate, "nani atakuacha? Nani mwingine atabishana na yule mzee? Kula, mwenzangu, kabla nzi hawajatuwahi."

Wagdi aliangalia bahari kwa muda, kama mama yake zamani, kisha akavuta sinia. Baada ya matonge mawili alikuwa anasimulia sufuria zilizochacha, na Insaf anamsahihisha: haikuwa Julai, ilikuwa Agosti, na mama hakuomba ndimu, aliiba ya kwako.

Rihab alimtazama akila. Alikula kwa hamu, kama alivyokula siku zote, akilamba vidole. Karima na Wagdi walipokwenda kutia miguu majini, Rihab alisogea karibu, akauliza swali lililomkaa rohoni tangu jikoni.

"Shangazi, ukila, unasikia nini?"

Insaf alitafuna kwanza, akameza.

"Chumvi," akasema. "Na ukali wa kitunguu. Mengine nakumbuka."