Ndege-roboti yangu ilivyotolewa kwenye valise ya mahari mbele ya wakwe

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, Maniema, upande wa Kongo.

Humu mimi ni wa kusoma na kupita. Ila juzi nimeona uzi wa ndugu mmoja analalamika kwamba mchumba wake kamcheka kwa kukusanya vigari vya kuchezea, nikaona nisinyamaze. Yangu ni makubwa kuliko yake. Na siwezi kutia chumvi, maana mhusika mwenzangu ni mke wangu, na akaunti anayo humu humu.

Kwanza mnijue. Naitwa Amisi. Nauza sahani, sufuria na mabeseni sokoni. Nina ndevu, msikitini nakaa safu ya mbele, na wadogo zangu wananiogopa kidogo. Pia nakusanya ndege za kuchezea zinazogeuka kuwa roboti.

Ndiyo, mtu mzima. Chekeni kwanza, kisha tuendelee.

Magari sitaki, ni ndege tu. Nazipata kwa wafanyabiashara wanaoleta mitumba kutoka Uvira na Bukavu. Ndani ya mabalo yao ya nguo huwa kuna magunia ya vitu vya watoto wa Ulaya: madoli yasiyo na macho, vigari visivyo na magurudumu. Wenzangu wakifungua balo wanakimbilia mashati. Mimi nakimbilia gunia. Bei sitaji, nimeshasema nani anasoma humu.

Sasa kwa wale wa fani hii, mnajua kwamba nyingi ni utapeli. Unaambiwa ni ndege, kumbe ni roboti amelala kifudifudi, kabandikwa mabawa mgongoni, na mikono inaning'inia chini ya tumbo kama mtu anayeiba mihogo. Mimi ndege ya hivyo siinunui. Ndege iwe ndege, roboti iwe roboti, na katikati ya kugeuka usione kazi mbovu.

Halafu nasikiliza viungo. Kiungo kizuri kinalia tek, tek, kila unapokikunja. Kinachonyamaza kitalegea kabla mwaka haujaisha. Naangalia kama pini ni ya chuma au ni plastiki, naangalia kama bawa linaingia kwenye nafasi yake bila kubembelezwa, na naivuta harufu. Plastiki mbaya inanuka, hata ikioshwa inanuka.

Katika zote nilikuwa na moja ya kijivu. Wakuu, ile ilikuwa kazi ya mtu aliyelala vizuri. Nzito mkononi, magurudumu yake yanakunjika ndani ya miguu, rubani kachongwa mdogo kama punje ya mchele. Nilikuwa naipenda. Sina neno jingine.

Kila nikipata ndege mpya nilikuwa narekodi video naigeuza huku naeleza, namtumia mchumba wangu Mwamini. Yeye alikuwa kwao Wamaza, kwenye teritware, yaani wilaya, ya Kabambare, ambako network inakuja inapotaka. Jibu lake lilikuwa lile lile siku zote: kidole gumba. Hakuna neno, hakuna swali. Nikawa najiambia, huyu binti ananivumilia tu, na hilo nalo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Basi ikafika siku ya kupeleka mahari.

Nyumba yetu Kasongo ilijaa ndugu, na ndugu walikuja na watoto wao. Mnaojua watoto wa ndugu mnajua. Wana mikono mirefu na hawaambiliki. Kuiacha ile ya kijivu nyumbani ilikuwa sawa na kuizika. Nikaamua kusafiri nayo.

Lakini barabara ya kwenda Wamaza ni pikipiki, na pikipiki ile inaruka kuliko inavyotembea. Begi la mgongoni lingeivunja. Nikatazama pale ndani, mahali laini kuliko pote ni wapi? Ni kwenye valise, sanduku la nguo za mahari, katikati ya vikwembe. Ninyi mnaita vitenge.

Nikaifunga kwa kitambaa cha flaneli, kile cha kumfunikia mtoto mchanga, kwa sababu hakuna kitambaa laini kuliko hicho sokoni. Nikaisukuma katikati kabisa. Mpango ulikuwa nikifika tu niitoe kimya kimya.

Wakuu, hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe.

Nilisahau kwamba kwa wakwe zangu bwana harusi hashiki valise yake. Tulipokaribia tu, mabinti wa nyumba wakatupokea barabarani na nyimbo, wakaichukua valise, wakaiweka kichwani na kuondoka nayo. Nikawafuata nikisema nawasaidia. Wakaniambia mgeni apumzike. Nilipoiona tena, ilikuwa katikati ya mkeka, sebuleni, na watu wameshakaa kuizunguka.

Utaratibu ni huu. Bwana harusi anakaa na haongei. Anaongea msemaji wa familia, na wetu alikuwa mjomba wangu Saidi, mtu ambaye akianza hotuba chai inapoa. Bibi harusi anakaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Anasikia kila kitu, naye pia haongei mpaka mwisho, atakapoulizwa kama anakubali vitu vipokelewe.

Anayefungua valise ni shangazi yake Mwamini, dada wa baba yake. Mama yule nilimwogopa na kumpenda palepale. Anatoa kikwembe, anakisugua kwa kidole gumba, anakiinua kwenye mwanga wa dirisha, analowesha pembe na kuifuta kwenye leso nyeupe aone kama rangi inatoka. Nikajisemea, huyu ni mwenzetu, ni vile tu hajapata ndege.

Mara mkono wake ukazama katikati ya valise na ukasimama.

Akatoa flaneli. Akaifungua polepole. Ndani, roboti ya kijivu.

Watu wakainua shingo waone.

"Hii njo nini?" akauliza. ("Njo" ni "ndiyo" ya kwetu.)

Mjomba Saidi hakuwa anajua lolote. Lakini msemaji hawezi kukosa jibu, ndiyo kazi yake. Akajikohoza.

"Hiyo ni zawadi ya watoto wa hii nyumba. Mukwe wenu anapenda watoto sana."

Shangazi akaigeuza mkononi. Akapitisha ukucha begani.

"Zawadi inakujaka mupya, Saidi. Hii imechezewa. Angalieni hapa, rangi imetoka. Iko mutoto mwenye kuifungua na kuifunga kila siku." Kisha akainua flaneli juu watu wote waione. "Na hii ni nguo ya kufunikia mutoto muchanga. Sasa tuambieni, bwana wetu iko na mutoto Kasongo?"

Niwaeleze wasiojua kwetu. Kuwa na mtoto si kosa. Kosa ni kumficha. Siku ya kwanza ya kubisha hodi walituuliza mbele ya watu kama nina mtoto, tukajibu hakuna, na Mwenyezi Mungu akatajwa. Kwa hiyo pale hatukuwa tena tunazungumzia kitu cha kuchezea. Tulikuwa tunazungumzia uongo wa ukoo mzima.

Hapo baba mkwe akaingilia. Akasema bila kupandisha sauti:

"Mutu anayeficha mutoto wake, hata muke atamuficha. Fungeni valise."

Valise ikifungwa kabla ya kumalizika, wakuu, hakuna ndoa. Mnapanda pikipiki zenu mnarudi. Mabinti wakaanza kukunja vikwembe. Nikamwona mmoja anashika zipu. Nilimpenda Mwamini. Ndevu zote zile, na nilitaka kulia.

Nikavunja utaratibu.

"Ni yangu," nikasema.

"Ya mutoto wako," akasema shangazi.

"Yangu mimi. Mimi njo naichezea."

Mabinti wakacheka mpaka wakaegemeana. Mjomba Saidi akafumba macho kama mtu aliyesikia msiba. Shangazi peke yake hakucheka.

"Ona sasa. Anaona haya ya kutaja mutoto, anajifanya mutoto yeye mwenyewe." Akanisogezea roboti kwenye mkeka. "Mwenye nyumba anajua mulango wake. Kama ni yako, igeuze tuone."

Nimeigeuza ndege ile gizani. Nimeigeuza nikiongea na wateja. Siku ile, mbele ya wazee na kanzu zao, vidole vikawa vya mtu mwingine. Nikakunja miguu, tek, tek, sawa. Nikaingiza mikono, sawa. Nikafika kwenye mabawa, yakakataa.

Nikasukuma, yakakataa. Jasho likadondoka juu ya rubani. Nikaanza kufikiria vumbi la njia, labda limeingia kwenye viungo. Nikashika bawa nilivute kwa nguvu, na nilisikia plastiki inaanza kulalamika. Shangazi alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko hasira.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Amisi, usivute. Inamisha kichwa kwanza."

Bibi harusi haongei saa ile. Hata kukohoa hakohoi.

Lakini alisema kweli. Ile ya kijivu, kichwa kisipoinama kuingia kifuani, mabawa hayapati nafasi ya kupita. Nilikuwa nakijua hicho kitu kuliko jina langu, na woga ulikifuta. Nikainamisha kichwa. Mabawa yakazunguka yenyewe, tek, yakakaa.

"Sasa geuza mukia," akasema Mwamini kutoka ndani. "Njo umalizie na magurudumu."

Nikageuza mkia. Nikateremsha magurudumu. Nikaiweka ndege kwenye mkeka, nikaisukuma kidogo, ikatembea mpaka kwenye goti la baba mkwe na kusimama.

Shangazi akaangalia ndege. Akaangalia pazia.

"Na wewe umejulia wapi?"

"Ananitumiaka video. Zote ziko mu simu yangu. Lete simu yangu, shangazi, uangalie. Mutoto haiko. Ni yeye peke yake, na sahani za duka nyuma yake."

Simu ikaletwa. Wazee wakasogeza vichwa. Wakaniona mimi na ndevu zangu, nimekaa kati ya mabeseni, naeleza kwa sauti ya mwalimu jinsi ya kukunja mguu wa ndege. Kisha video nyingine, na nyingine. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na sijawahi kufurahi namna ile.

Shangazi akarudisha simu, akawatazama watu wote.

"Mutoto hayuko," akasema. "Watoto njo hawa wawili."

Hapo baba mkwe alicheka. Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa mkono wa kanzu, akasema, "Fungueni valise."

Mengine yalikwenda kama yanavyokwendaga. Mjomba Saidi akapata nguvu upya na chai ikapoa. Mwisho shangazi akaliuliza pazia, "Mwamini, tupokee ao tusipokee?" Likajibu, "Pokeeni," na vigelegele vikaanza.

Sasa mnajiuliza kuhusu ile ya kijivu. Wakati wa kuondoka nilimtuma Mjomba Saidi akaiombe kwa adabu. Shangazi alimjibu kwamba kilichokuja mu valise hakirudi. Akaongeza kwamba ni kitu kizuri, miguu imeshikana vizuri, ila mkono wa kuume unalegea kidogo. Ni kweli unalegea. Sikuwahi kumwambia mtu.

Iko Wamaza mpaka leo, kwenye kabati ya shangazi, kati ya vikombe. Nikienda kusalimia naruhusiwa kuiangalia. Inaniuma, nisidanganye, lakini ni maumivu ninayoyabeba nikitabasamu.

Nimalizie na hili, ndilo lililonifanya niandike.

Mwamini alipokuja Kasongo, siku moja anachagua mchele, nikamuuliza. Nikasema, mama, kumbe ulikuwa unapenda ndege, mbona ulikuwa unanijibu kwa kidole tu?

Akaendelea kuchagua.

"Ndege mimi sizipendi sana," akasema. "Kule Wamaza video moja ilikuwa inachukua muda mrefu kuingia. Jibu la sauti halipiti, kidole kinapita. Sasa ikiingia, njo sauti yako niliyokuwa nayo. Nilikuwa nairudilia mpaka ingine ifike. Ndege imeingia mu kichwa yenyewe."

Nilivuta kigoda, nikakaa karibu yake, tukachagua mchele pamoja.

Funzo langu, wakuu. Kitu chako cha thamani usikifiche kwenye mzigo unaokwenda kufunguliwa na watu wengine, hilo hata mtoto angeniambia. Lakini kubwa zaidi, usiwe mwepesi kusema mwenzako hakujali kwa sababu hajibu kwa maneno mengi. Mimi nilikaa muda wote ule nikidhani navumiliwa.

Haya, uwanja ni wenu. Kama una mwenza ambaye siku moja ulikuta anakijua kitu chako kuliko ulivyodhani, tuandikie ilikuwaje. Na wenye kunicheka pia mna nafasi, nimeshachekwa na wakubwa wenu.