Siku mwase ilipoingia kanisani kwetu Katelembo

Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Namshukuru Mungu aliyenifikisha umri huu na bado mikono inashika tezo. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, sitatia chumvi.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Katelembo. Baba yangu alichonga ngoma, nami nachonga.

Niliomba kwaya yetu ipigiwe mwase, ile ngoma ndefu ya Wakamba.

Shida ni kwamba mwase ndiyo ya kilumi, ngoma ya kuombea mvua na kutuliza pepo. Waliookoka zamani waliikimbia. (Siwalaumu. Hata mimi ujanani niliiogopa.)

Aliyepinga zaidi ni Mwaitu (yaani Mama) Mbithe, kiongozi wa maombi. "Hiyo ikiingia, mimi natoka," alisema mbele ya watu wote.

Pasta akaamua ipigwe mara moja tu, Jumapili ya mavuno. Washirika wakiikataa, isitajwe tena.

Wiki sita nilichonga gogo la mti wa muvuti, nikawamba ngozi ya mbuzi. Ilinguruma hadi kifuani. Jumamosi nikaiacha kanisani.

Jumapili mapema nikaijaribu.

Pu. Kama debe lililojaa unga.

"Kioko, umefanya nini?" nikamuuliza mwenyekiti wa kamati ya mavuno, aliyesimama pale na brashi mkononi.

"Nimeipaka vanishi, mzee. Mara tatu! Ona inavyong'aa."

"Hadi ngozi?"

"Si ndiyo uso wake?"

Wakuu, nilikaa chini. Ngozi mpya hukauka kwa siku kadhaa, na ibada ilibakisha saa moja kuanza.

Mwaitu Mbithe alikuwa mlangoni, ameisikia ile pu. Nikangoja anicheke. Akageuka, akaondoka.

Alirudi kwa bodaboda, amekumbatia gunia. Ndani yake, mwase. Nyeusi kwa moshi wa jikoni, ngozi imara.

"Ni ya mama yangu," akasema. "Nilipookoka niliambiwa niichome. Mkono ulikataa, nikaificha darini."

"Na zile kelele zote, Mwaitu?"

"Nilikuwa najipigia mwenyewe. Sasa sogea, inataka jua kwanza. Na utaipiga wewe? Wewe ni wa kuchonga tu!"

Akaianika hadi ngozi ikakaza. Kwaya iliposimama, akaketi juu yake kama walivyoketi mama zetu, akapiga.

Akina mama wazee waliinuka mmoja mmoja, mabega yakitikisika, wakimwimbia Mungu kwa Kikamba. Kioko alilia waziwazi. Pasta alipouliza nani anaikataa, hakuna aliyemsikia. Watu walikuwa wanaimba.

Sasa mwase inapigwa kila Jumapili. Yangu nimeiwamba upya, na Kioko ameonyeshwa mahali ambapo brashi haipaswi kufika.

Nilichojifunza: mama zetu walipiga ngoma wakililia mvua na wagonjwa wao. Kilio kile leo tunampelekea Mungu aliye hai, na mikono iliyochonga aliiumba Yeye. Pia nimejifunza kutomhukumu anayepinga kwa sauti kubwa. Huenda anavuja damu ndani.

Kwenu kuna ala gani iliyofichwa darini? Andikeni hapa, nitasoma yote polepole.

Na wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu ailinde nyumba yako, na aibariki kazi ya mikono yako.