Mpitiaji wa Pili Alitaka Twiga

Nimefundisha sanaa katika shule ya msingi huko Kikwe kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo sijawahi kupewa hata kopo moja la rangi. Mitihani ikikaribia, kipindi cha kwanza kuliwa ni changu. Mwalimu mkuu, ambaye si mtu mbaya, husimama mlangoni na kusema, "Mwalimu, leo naomba watoto wafanye hesabu," nami hukusanya penseli zangu na kutoka.

Rangi tulichimba wenyewe. Niliwaambia watoto wa darasa la tano kila mmoja alete udongo wa kwao kwenye kizibo cha chupa. Walileta mweusi wa mashambani, mwekundu wa kando ya barabara, na ule wa kijivu laini unaoletwa na maji kwenye makorongo yanayoshuka kutoka Meru. Tulichekecha kwa kitambaa cha neti, tukakoroga na uji mwepesi wa unga wa ngano ili ushike kwenye karatasi. Karatasi zenyewe zilikuwa mitihani ya zamani; tulichora upande wa nyuma. Sheria yangu ilikuwa moja tu: chora kitu ulichokiona kwa macho yako wiki hii.

Wakachora. Mmoja alichora bodaboda iliyobeba kochi la watu watatu, dereva kainama mpaka pua inagusa usukani. Mwingine alichora mashine ya kusaga na watu wote weupe kwa unga. Msichana mmoja mkimya, aliyelelewa na bibi yake, alimchora bibi huyo akipepeta maharage, na mikono ya bibi ilikuwa mikubwa kuliko kichwa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, mikono ndiyo naiona kila siku. Uso anauinamisha."

Jibu hilo nililiandika kwenye daftari langu. Nilikuwa na daftari la kila muhula, nikiandika watoto walichosema, udongo upi ulikataa kushika, nani aliyekuwa haandiki lakini anachora. Sikuwa na mpango wowote nalo.

Kisha akaja mkufunzi mmoja kutoka chuo cha ualimu, kukagua wanachuo wake waliokuwa kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Kijana wa Kilimanjaro, ana shahada ya uzamivu, mpole, viatu vimepigwa rangi hata kwenye vumbi letu. Alinipa shikamoo kama anavyompa mama yake. Alipoiona michoro ukutani akasimama muda mrefu, akaomba daftari, akaketi kwenye dawati la mtoto na kusoma.

"Mama, hii ni makala," alisema. "Kuna jarida la elimu ya sanaa, linapokea Kiswahili. Andika. Mimi nitakusaidia kuinyoosha."

Niliandika kwa miezi mitatu, nyumbani kwangu Levolosi, kwenye meza ya chakula. Jirani wa chumba cha pili ana cherehani, na nilizoea kuandika kwa mlio wake. Nilipomaliza, mkufunzi aliongeza aya mbili za nadharia na jina lake chini ya langu, akisema jarida hupenda kuona mtu wa chuo. Sikupinga. Nilijiona mwenye bahati.

Michoro saba niliipeleka mjini ikapigwe skani. Mzee mwenye duka lile, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Arusha, alikataa kuipitisha kwenye mashine inayovuta karatasi. "Udongo huu utadondoka, mama," alisema, akaiweka mmoja mmoja kwenye kioo kwa vidole viwili, akifuta kioo kila baada ya mchoro. Katika safari yote ya makala ile, hakuna aliyeishika michoro ile kwa adabu kama yeye.

Siku tulipotuma niliwaambia watoto. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Niliwaambia michoro yao itatoka kwenye kitabu cha wasomi, na watoto wakapiga makofi, na kuanzia hapo kila Jumatatu kuna aliyeuliza, "Mwalimu, kimetoka?"

Kimya kilidumu miezi tisa. Watoto wa darasa la tano wakawa wa la sita. Hatimaye ikaja baruapepe yenye ripoti za wapitiaji wawili, wale watu wanaosoma makala bila kutajwa majina na kusema kama inafaa. Wa kwanza alisifu, akaomba nirekebishe ukurasa wa marejeo. Wa pili aliandika hivi, na ninayakumbuka maneno yake kwa sababu niliyasoma nikiwa nimesimama sokoni, mfuko wa nyanya mkononi: kwamba makala ina thamani lakini michoro "haibebi utambulisho wa Kiafrika." Kwamba pikipiki na mashine ya kusaga vinaweza kuwa mahali popote duniani. Kwamba mchoro wa mwanamke unaonyesha watoto hawakufundishwa uwiano wa mwili. Kwamba, kwa kuwa shule iko karibu na hifadhi, mwandishi apate michoro mipya inayoonyesha wanyamapori, mavazi ya kimila au ngoma.

Nilisoma mara ya pili. Muuza nyanya akaniuliza kama kuna msiba.

Nilimpigia mkufunzi. Nilitegemea atakasirika pamoja nami. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea.

"Mama, hayo ni marekebisho madogo. Makala imepita! Wape watoto kipindi kimoja wachore twiga, tunatuma, basi."

"Hawajawahi kuona twiga."

"Si wanaishi Arusha?"

"Wanaishi Kikwe. Kuona twiga ni kiingilio, ni gari. Nani wa kuwapeleka?"

"Basi wachore wa kwenye picha. Nani atajua?"

Ningependa kusema nilikata simu. Sikukata. Nilifikiria miezi tisa, nikafikiria wale watoto wa kila Jumatatu, nikafikiria jina langu likiwa limechapwa, maana na mimi nilikuwa na tamaa yangu. Wiki iliyofuata nilimwomba mwalimu mkuu kipindi kimoja cha darasa la sita, nikaingia na kuwaambia, "Leo tunachora twiga."

Watoto wakaanza kuchungulia madaftari yao, kwa sababu daftari moja linalouzwa madukani lilikuwa na twiga kwenye jalada. Lilipitishwa dawati hadi dawati. Yule msichana wa bibi alikaa na karatasi tupu mbele yake.

"Mbona huchori?"

"Mwalimu, huyu namjua wa kwenye daftari tu."

"Chora huyo huyo."

Akainua kizibo chake cha udongo. "Rangi yake tutachimba wapi?"

Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia darasani humo, "Chora unachoambiwa." Akainama, akachora. Hakulia, hakununa. Alichora twiga vizuri tu, sawasawa na wa jalada, na akaniletea.

Nilikusanya karatasi arobaini na tatu. Twiga arobaini na watatu, wote wanatazama kushoto, wote wamenyanyua mguu uleule, kwa sababu wa kwenye jalada alinyanyua mguu huo. Nilikaa ofisini nikazipanga mezani. Mpitiaji sikumjua hata sura. Mkufunzi alikuwa kaniomba tu. Aliyesimama mbele ya watoto na kuwaamuru waone kile ambacho hawajakiona ni mimi. Kwa miaka kumi na mmoja nimepigana na wanaonipora vipindi, halafu kipindi nilichopewa nikakitumia hivyo.

Twiga wale sikuwatuma. Niliwachana, wote, nikawatia kwenye shimo la takataka, na kesho yake nikawaomba radhi watoto. Ni vigumu kuwaomba radhi watoto arobaini na watatu. Hawajui waweke wapi macho. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo hakitatoka?" Nikasema sijui.

Mwezi huohuo mhariri wa jarida lile alikuja Arusha kwenye semina, hotelini, na mkufunzi wangu akiwa miongoni mwa wasemaji. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikachukua michoro saba ndani ya faili, nikaenda. Wakati wa chai nilimfuata mhariri, mama mtu mzima kuliko mimi, nikamwamkia na kujitambulisha. Aliitikia vizuri, akaniambia makala yangu ameipenda.

"Shikamoo yangu ni ya heshima," nilisema, "lakini nina hasira, mama, naomba unisikilize nikiwa nayo."

Nikafungua faili juu ya meza ya vitafunwa. Watu waliokuwa wakichukua sambusa wakasogea. Nilimwonyesha bodaboda na kochi. Nilimwambia kochi lile nalifahamu, lilipelekwa kwa bwana harusi, kijiji kizima kilisimama kutazama. Nilimwonyesha mikono ya bibi, nikamwambia alichosema mtoto.

"Mpitiaji wako anasema haya si ya Afrika. Mtoto huyu ni wa wapi, basi? Udongo huu umetoka wapi? Anataka watoto wangu wachore wanachokiona watalii."

"Mwalimu, mpitiaji ana haki ya maoni yake," alisema taratibu. "Na utaratibu hauniruhusu kumtaja wala kumpuuza."

"Amewahi kukanyaga shule yenye udongo?"

"Sitaweza kujibu hilo." Akaushika mchoro wa bibi kwenye kona, akauangalia, na nadhani ulimgusa, jambo lililonikasirisha zaidi. "Tunaweza kufanya hivi. Tuchape makala bila michoro. Maneno yako yanajitosheleza."

"Makala ni kuhusu michoro!"

Nilisema kwa sauti kubwa mno. Mkufunzi akaja haraka, akanishika kiwiko, akinisihi, "Mama, mama, tutoke nje." Nikakitoa kiwiko changu. Nikamwambia mhariri kwamba naiondoa makala yangu, na kwamba nitaandika barua rasmi kesho. Niliandika.

Nje, kwenye maegesho, mkufunzi hakuwa tena yule wa shikamoo. "Umeniaibisha mbele ya wakubwa zangu. Na mimi ni mwandishi mwenza, huwezi kuiondoa peke yako."

"Aya zako mbili zichukue," nilimwambia. "Zichape na twiga."

Akarudi ndani kwenye semina yake. Hatujazungumza tena. Wanachuo wake bado wanaletwa kwetu, lakini anayekuja kuwakagua ni mwingine. Wakati mwingine namkosa, sitadanganya. Ndiye mtu wa kwanza aliyesoma daftari langu.

Nilitoa aya zake mbili na jina lake, nikaituma kwenye jarida jingine, dogo, ambalo hutoka mtandaoni tu. Walijibu baada ya miezi mitano. Waliuliza maswali ya maana, kama vile uji wa ngano ulizuiaje udongo usipasuke, na wakachapa michoro yote saba kwa rangi zake. Nilienda kutoa nakala za makala kwa yule mzee wa skani mjini, akatumia karatasi nzito.

Watoto walikuwa tayari la saba, wanafanya hesabu asubuhi na mchana. Mwalimu mkuu alinipa dakika kumi. Walipitishiana kurasa, wakacheka kochi, kengele ikalia. Jioni nikaenda na nakala moja nyumbani kwa yule msichana. Bibi yake alikuwa uani. Nikamwamkia, nikaketi, nikampa ukurasa. Akaweka mkono wake mmoja juu ya karatasi, kando ya ule uliochorwa.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe, bibi."

Akamwita mjukuu asome yaliyoandikwa chini ya picha. Msichana akasoma: mchoro wa mwanafunzi, msichana, miaka kumi na mmoja, udongo na uji wa ngano juu ya karatasi.

"Jina lako liko wapi?" bibi akamuuliza. Msichana akaniangalia mimi.

Nikaeleza kwamba ni kanuni, majarida yote hayataji majina ya watoto, ni kwa ajili ya kuwalinda. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Jina lako wewe, mwalimu, lipo?"

"Lipo, bibi."

"Na aliyechora hayupo."

Nilianza kueleza tena, nikasikia maneno yangu yanavyofanana na ya yule mhariri, ya utaratibu na kanuni, nikanyamaza. Msichana alileta kalamu yake ya shule. Bibi akaukunjua ukurasa juu ya kigoda, akamwamuru aandike jina lake chini ya picha, majina yote matatu, la baba na la babu, kwa herufi kubwa. Akaandika, ulimi nje, polepole, na wino ukapita vizuri kwenye karatasi ile nzito.