Harufu Chini ya Boneti

Hasira hii bado ninayo, kwa hivyo nitaandika polepole nisimwonee mtu. Shule sikufika mbali, na mara nyingi nikikasirika huwa sina uhakika kama nina haki ya kukasirika. Safari hii nadhani ninayo. Nadhani.

Gari langu ni teksi, ya kuitwa kwa simu. Mteja akishuka anakupa nyota, na akiwa na neno baya analiandika. Wateja wangu wakaanza kuandika neno moja: harufu. Kitu kinaungua. Mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga alinisimamisha Jogoo Road kabla hatujafika, akashuka na leso puani. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa naisikia, nzito, ikiingia kwa matundu ya hewa kila injini ikishapata moto. Kampuni inayonipa wateja ikaniandikia: lalamiko moja zaidi na akaunti yako inafungwa. Sina kazi nyingine. Mimi na mama yangu tunakula kutoka kwa gari hilo.

Nikalipeleka kwa fundi wangu, anayefanyia kazi kando ya barabara karibu na steji ya matatu. Akafungua boneti, akamulika kwa simu, akanionyesha mafuta yaliyotambaa mpaka kwenye ekzosi.

"Buda, gasketi ya juu imechoka. Oil inavuja, inaangukia ekzosi, inachomeka."

Akabadilisha gasketi, akaosha injini, harufu ikaisha. Siku chache baadaye ikarudi.

Nilirudi kwa fundi nikiwa nimefura. Nilimwita mwizi mbele ya wateja wake. Nilisema ameniwekea gasketi kuukuu. Muuza mayai na soseji za smoki aliyekuwa na mkokoteni wake hapo akafurahi sana.

"Fundi, leo umeshikwa!"

"Wewe chemsha mayai," fundi akamwambia. Kisha akanigeukia. "Boss, kelele baadaye. Fungua hiyo boneti."

Alipitisha kidole pembeni mwa injini, akakitazama, akakinusa.

"Hii si oil ya gari. Oil ya gari ikitumika inakuwa nyeusi. Hii ni ya njano. Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa oil ya salad, ya kupikia kabisa, na ndani yake marashi kidogo.

"Nani anapika kwa injini yako?"

"Manze, dere anakaanga chipo akiendesha!" muuza mayai akapiga kelele, na steji nzima ikacheka.

Mimi sikucheka, kwa sababu marashi hayo nilikuwa nayajua. Yalikuwa nyumbani kwangu, kwenye kichupa cha mafuta ya upako ambacho mama alipewa kanisani. Fundi alitaka kuosha injini tena, nikamwambia asubiri. Nilimwomba msamaha, lakini kwa sauti ya chini, na nilikuwa nimemtukana kwa sauti ya juu. Hiyo si sawa, najua.

Tunaishi Buruburu, kwenye ekstensheni iliyojengwa mbele ya nyumba ya landilodi, na gari hulala nje ya mlango. Nilimkuta mama akichambua mboga za sukuma. Nikamuuliza. Hakuficha. Kila alfajiri nikiwa bado usingizini alichukua funguo, akavuta kile kishikio cha boneti jinsi alivyoniona nikifanya ninapoangalia maji, akachora msalaba juu ya injini na kumimina mafuta kidogo.

"Yakikaribia kuisha naongeza salad," akasema. "Upako haupungui."

"Mama, yanaungua! Gari lingeshika moto nikiwa ndani!"

"Lilishika?"

"Halikushika, lakini..."

"Umeporwa tena?"

"La."

"Basi."

Nisimwonee. Alikuwa amekuja kunitembelea siku wezi waliponinyang'anya gari la kwanza, na aliniona nilivyofika nyumbani, miguu mitupu na uso umevimba. Tangu siku hiyo anakaa nami, na halali mpaka asikie mlango. Hilo nililipima. Nililipima nikiwa nimesimama hapo, kisha nikamuuliza tena.

"Si kila jioni ulikuwa unanisikia nikilalamika juu ya hiyo harufu? Hapo mezani?"

"Nilikusikia, mwanangu. Ndiyo maana nikazidisha."

Nilitaka kupiga kitu. Hakukuwa na kitu cha kupiga ila beseni la sukuma.

"Si upake mlango, mama. Paka mlango!"

"Mlango unakupeleka wapi? Kinachokupeleka ni injini."

Simu ikalia mfukoni. Abiria wa asubuhi alikuwa ameandika. Akaunti imefungwa.

Nikapiga ofisini kwao. Binti mmoja akapokea, mpole, akaniuliza, "Shida ilikuwa ni nini, sir?" Mama alikuwa amekuja mlangoni na jani la sukuma mkononi, akinitazama usoni. Nilifungua kinywa niseme ukweli.

"Ni fundi," nikasema. "Aliweka gasketi mbaya."

"Sawa. Lilete kesho asubuhi likaguliwe. Likiwa safi, tutakufungulia."

Nilipokata simu, mama akatikisa kichwa. "Nilijua tu. Huyo fundi hata kusalimia hajui."

Mtu amefanya kazi yake vizuri, ameitwa mwizi mbele ya watu, sasa amesingiziwa hata kwenye kampuni asiyoijua, na aliyemsingizia ni mimi, kwa ajili ya mwanamke ambaye hata haoni kosa liko wapi. Nilichukua ndoo, sabuni ya unga na brashi ya viatu, nikatoka nje, nikafungua boneti. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Kila pembe, kila waya. Kesho wakinusa chochote, tumekwisha.

Nikasikia ndala zake zikija nyuma yangu.

"Usiyatoe yote," akasema.

Sikugeuka. Nikaongeza sabuni.