Ndoo Tatu za Bi Kalunde

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo kila nikikaa kuandika programu hunijia kwanza. Sina hakika kama mimi ndiye mtu wa kukupa nasaha. Shule yangu ni ndogo, na Java, lugha ya kuandikia programu, nilijifunza kwa kozi ya miezi michache, mengine kwa kuharibu. Lakini uliniomba nikuandikie kabla hujaanza kazi, basi pokea lililonipata.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Kikundi cha wafuga nyuki pale Kanyenye kilinipa kazi ya kuandika programu ya kupokea asali. Niliiandika nyepesi, SQL, yale maagizo ya kanzidata, nikiitunga kwa mkono wangu, na hilo sijutii. Nilipokosea ni kumfanya kila mfugaji kuwa furushi moja: jina lake, namba ya simu, mizinga yake, ndoo zake za asali, vyote humo humo. Ukifungua faili lake, furushi zima linakuja. Ukihifadhi, programu inafuta ndoo zake zote kwenye kanzidata na kuziandika upya kama unavyoziona wewe kwenye kioo cha kompyuta yako. Niliona huo ndio usafi. Nikawaambia waache hata daftari la mapokezi. Hapo nilijivuna, nakiri.

Msimu ule Bi Kalunde, mama mtu mzima wa Itetemia, alirina asali ndoo saba mizingani, bwana nyuki, yule afisa wa ufugaji, akishuhudia. Akazileta. Wiki moja baadaye, asali imeshamiminwa kwenye mapipa na ndoo tupu amerudishiwa, kompyuta ikasema kaleta nne. Kwa taratibu za kikundi, anayeuza asali pembeni anatolewa na hapokelewi tena. Mama yule hakuwa na kazi nyingine.

Kamati ikamwita. Zaituni wa mapokezi akasema alipokea saba kwa mikono yake. Mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Fundi, kompyuta inaweza kusema uongo?"

"Haiwezi, mzee."

Moyoni, sikufichi, nilikuwa nimeshamhukumu.

Bi Kalunde hakupandisha sauti. "Baba, hebu nieleze, ndoo zangu umezipanga vipi humo ndani?"

Nikamweleza habari ya furushi, taratibu, kama ninayefundisha mtoto.

"Kwa hiyo hata nikibadilisha namba ya simu, kama nilivyoibadilisha siku ile nilipoleta asali, ndoo zote zinashushwa na kupandishwa upya?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe hujawahi kurina," akasema. "Mimi nikienda kurina mzinga mmoja, sishushi mizinga yote. Kila mmoja uko kwenye mti wake, umechongwa alama yangu, basi. Mimi mwenyewe simo ndani."

Watu wakacheka. Petro, karani wa uanachama, hakucheka.

"Namba yake niliibadilisha mimi," akasema. "Nilifungua faili asubuhi, ndoo zikiwa nne. Nikaitwa stesheni kupokea mzigo. Niliporudi mchana ndipo nikahifadhi."

Zaituni akamtazama. "Na mimi zile tatu niliziingiza saa nne, baiskeli yake ilipokuja safari ya pili."

Nikaweka kompyuta mbili meza moja, nikamtunga mwanachama wa majaribio, nikarudia walivyofanya hatua kwa hatua. Petro alipobonyeza kuhifadhi, ndoo tatu zikapotea mbele ya macho yetu.

Mwanangu, aibu ilinipata, lakini nilipumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Nikasema kosa ni langu, Petro hana kosa, Zaituni hana kosa, na mama hajauza hata kijiko. Mwenyekiti akamwomba radhi.

"Yameisha," Bi Kalunde akasema. "Ila daftari lirudi. Ndoo zangu zinaogopa simu mpya."

Tukacheka wote, mimi nikichelewa kidogo.

Basi nasaha yangu ni hii. Weka pamoja vile tu ambavyo lazima vibadilike pamoja. Ndoo na vipimo vyake, sawa, vihifadhiwe vyote kwa mara moja au visihifadhiwe kabisa. Mfugaji akae peke yake, na ndoo ibebe namba ya uanachama ya mfugaji tu. Kila rekodi uipe namba ya toleo, inayopanda kila ikihifadhiwa, ili mwenye nakala ya zamani akataliwe kabla hajafuta kazi ya mwenzake. Nisiionee ile njia ya kufuta na kuandika upya: kwa furushi dogo naitumia mpaka leo, na haijanisumbua. Huenda wenye shule wana maneno bora zaidi kwa haya.

Lakini hili nalijua bila kusoma: kompyuta ikipingana na mtu, anza kukagua ulichoandika wewe kabla hujamwita mtu mwongo.

Nenda kazini salama. Mungu akujalie subira ya kusikiliza hata asiyeijua kazi yako, na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akupe ujasiri wa kusema mapema kwamba ni wewe.