Sketi ya ngozi iliyovalishwa mabegani

Leo nimeiamkia sketi. Shikamoo kamili, kwa sauti, mbele ya watu.

Binti yangu alinipeleka kwenye maonyesho ya mavazi, katika makumbusho ya huku ugenini. Katikati ya magauni ya hariri nikaiona: ngozi laini, shanga zimeshonwa moja moja, kama ya bibi yangu kule kijijini kwetu, Endagikot. Nikaiamkia.

"Mama, unamwamkia nani?"

"Aliyeishona."

Ila walikuwa wameivisha sanamu mabegani, na kibao kinasema ni joho.

Nikamwambia msimamizi, dada mmoja mzungu, kuwa hiyo ni sketi. Binti akatafsiri. Yule dada akatabasamu tu, kama watu wanavyowatabasamia wazee.

Nikamwonyesha upande wa nyuma, pale ngozi ilipolika ikang'aa.

"Hapo ndipo mwenyewe alipokalia kigoda miaka yote. Kuna mtu anakalia mabega?"

Akainama. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa kalamu.

"Kwenu inaitwaje? Nitabadilisha kibao."

Nikafungua mdomo. Neno halikuja. Miaka arobaini ya ugenini, jamani.

Amekubali kusubiri hadi kesho. Mlioko Masieda na Endagikot, waulizeni bibi zenu jina la sketi hiyo jioni hii, mniandikie hapa.